Chafya ya Kiwanda

Jumanne moja ya Februari 1999, saa nne na nusu asubuhi, Rodah Chepngeno alishuka Kapsoit akiwa na kikapu kimoja, mwavuli wa marehemu mumewe, na macho mawili yaliyosafishwa katika hospitali ya Kaplong. Alikuwa amekaa huko majuma matatu. Kabla ya hapo alikuwa ameishi miaka sita ndani ya ukungu, akichuma chai kwa kupapasa na kuwatambua watu kwa kikohozi. Sasa aliona kila kitu. Aliona kutu kwenye mabati ya duka la mbolea. Aliona kwamba jirani yake Jerusa, aliyekuja kumpokea, alikuwa amezeeka bila kumwambia mtu.

Kisha akainua macho, akauona msitu uliosimama juu ya kiwanda cha chai.

Halikuwa wingu lenye sura ya msitu. Ulikuwa msitu, wa kijivu, ulioanzia kwenye mdomo wa bomba la moshi na kutanda hadi upande wa Ainamoi. Kiwanda kilikausha majani kwa moto wa kuni, na kila mti ulioingia kwenye boila ulitokea bombani, ukajinyoosha, ukatafuta nafasi na kusimama. Mikaratusi ilikuwa imejipanga kwa mistari, vile vile ilivyopandwa. Miwati ilikuwa imeinama upande mmoja kwa mazoea ya upepo.

"Hii imeanza lini?" Chepngeno aliuliza.

"Tangu Krismasi," Jerusa akasema. "Twende, jua isitupate. Hiyo msitu ya juu haina kivuli, inaleta joto tu."

Ilikuwa kweli. Msitu wa chini humpa mtu kivuli. Ule wa juu uliruhusu jua lishuke, lakini joto likitaka kupanda lilizuiwa, na kilima kizima kilikaa chini yake kama mtoto mwenye homa aliyefunikwa blanketi mbili. Mvua ya saa nane, ambayo tangu enzi za wakoloni ilishika wakati kuliko mwalimu mkuu, siku hizi ilifika ukingoni mwa msitu huo, ikasimama kidogo, ikazunguka kwenda Sotik.

Juu ya barabara ya lami kulikuwa na msitu wa pili, uliotoka kwenye eksozi za malori. Miti yake ilikuwa na magamba shinani na majani mapana yaliyojikunja ncha kama mkia wa kinyonga. Hapakuwa na aliyeijua. Wazee walikuwa wameitwa kuitazama, wakaitazama, wakarudi nyumbani kunywa chai.

Lakini Chepngeno hakuwa akitazama barabarani. Katikati ya mikaratusi ya kiwanda alikuwa ameuona mkuyu mmoja mnene, wenye tawi lililopinda kama kiwiko, na kwenye tawi hilo mzinga wa moshi ukining'inia. Mzinga huo aliutundika mumewe mwaka waliooana. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Jerusa," alisema polepole, "ni nani amekata simotwet yangu?"

Jerusa alivikagua viatu vyake. "Asiyekuwepo na lake halipo, Obot Johana," akasema, yaani Mama Johana.

Nyumbani alikuta kisiki kibichi na shimo lenye tope. Simotwet ule, ndivyo Wakipsigis wauitavyo mkuyu, ulisimama juu ya chemchemi, na chemchemi ile ilinywesha nyumba kumi na saba. Tangu mti ukatwe maji yalipungua, kwanza ndoo kwa saa, kisha kikombe, kisha unyevu tu wa kulambwa na vipepeo. Wanakijiji walikuwa wamekwisha kukaa kikao. Wakikosa maji hadi Pasaka, ng'ombe watauzwa na watu watahama kuyafuata.

Mwanawe Johana, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama kando ya kisiki mikono ikiwa nyuma.

"Mama, lori ya kuni ilipita, wakauliza kama kuna mti. Nikaona huu ni mzee tu, hata matunda yake ni ya ndege."

"Simotwet haikatwi, Johana. Hata moto haina. Inatoa moshi tu."

"Walisema wanapima na mita, hawapimi moto."

Chepngeno alikasirika. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kisiki na kulia kwa macho yake mapya, kisha akayafuta kwa uangalifu, maana daktari alikuwa amemkataza kuyasugua.

Kesho yake alikwenda kiwandani. Meneja, aliyeletwa kutoka Nairobi na kupenda mambo yaliyonyooka, alimpa kiti na kufungua faili.

"Kuni tulipokea, mama, na tukachoma. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sitaki kuni. Nataka moshi."

Meneja alifunga faili. "Moshi si ya kiwanda. Ikishatoka kwa chimni haina mwenyewe. Hata watu wa serikali wakiuliza, tunawaambia hivyo hivyo."

"Kwa hivyo naweza kuichukua?"

"Chukua, mama. Chukua yote."

Chepngeno alimwomba aandike hayo. Meneja aliandika mistari miwili, akapiga muhuri, kwa sababu muhuri ulikuwa mpya.

Akiwa na barua yake, Chepngeno alizunguka hadi chumba cha boila kumwona Kebaso, Mgusii aliyelisha moto ule kwa miaka kumi na sita na ambaye hakuwa na nyusi tena. Kebaso alimvutia gogo akae.

"Mama Johana, mti yako ilinisumbua siku mbili. Ilikataa kushika. Ilikuwa inatoa maji hapa kwa sakafu, nikasema huyu si kuni, huyu ni mtu."

"Basi niambie nitaishusha namna gani."

"Na mimi nijue aje? Ngazi sina." Kebaso alisukuma gogo motoni, akafikiri. "Lakini nyinyi Wakipsigis, mtoto akizaliwa si mnamuitanga majina mpaka apige chafya?"

"Tunamuita."

"Sasa hiyo kitu hapo juu imezaliwa kwa hii bomba. Kuna mtu ameiita?"

Hakukuwa na mtu aliyeiita. Chepngeno aliona aibu kidogo, kwamba jambo hilo limeonwa na Mgusii na si yeye. Mtoto akizaliwa, kina mama humzunguka na kuyataja majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na jina ambalo mtoto atapigia chafya ndilo lake. Ndiye huyo aliyerudi. Kwa miaka thelathini, kazi ya kuita kwenye kilima kile ilikuwa ya Chepngeno. Alikuwa hajawahi kushindwa na mtoto, ingawa mmoja alimtoa jasho hadi kizazi cha sita.

Alhamisi, saa nne, wanawake tisa walifika langoni na pakiti mbili za ugoro. Bawabu alisoma barua, akaukagua muhuri, akafungua. Kebaso alitupa ugoro wote kwenye mlango wa hewa wa boila. Wanawake wakajipanga chini ya bomba, na Chepngeno akaanza.

Alimwita mumewe, Kibowen. Bomba likaendelea kutoa moshi. Alimwita baba mkwe wake, aliyeuzungushia mti ule ua wa miiba usiliwe na mbuzi. Alimwita babu aliyeupanda, na ndugu wa babu, hadi yule aliyechukuliwa na mto Kipsonoi. Bomba lilivuta pumzi mara moja, kama linalotaka, kisha likaacha. Saa sita ilipita. Sauti ya Chepngeno ilianza kukwaruza.

"Umeacha mtu," Jerusa alisema.

"Sijaacha."

"Umeacha, Obot Johana. Na unamjua."

Alimjua. Alikuwa Tapkigen, mama mkwe wake, aliyeteka maji chini ya mti ule miaka arobaini na ambaye hakusifu hata siku moja uji wa Chepngeno. Alipokuwa akifa aliomba kitu kimoja, maji ya chemchemi. Siku hiyo walikuwa wamegombana. Chepngeno alimchotea maji ya tangi, yenye ladha ya bati, akamwambia ni ya chemchemi. Tapkigen aliyaonja, akamtazama, akayanywa yote. Miaka ishirini na sita Chepngeno alikuwa amelibeba tazamo lile, na hakumwambia mtu, hata mchungaji.

Aliinua uso kuelekea juu.

"Tapkigen," aliita. "Mama. Yale maji yalikuwa ya tangi. Ulijua, na mimi nilijua unajua. Nisamehe, urudi kwa maji yako."

Bomba likavuta pumzi. Mabati ya paa yalinyanyuka kidogo kwenye misumari yake. Kisha kiwanda kikapiga chafya. Vioo kumi na viwili vya ofisi vilipasuka, mafaili ya meneja yaliruka hadi kwenye kitalu cha miche, na masizi yakatua juu ya kila shati jeupe kutoka pale hadi kanisani.

"Ni Tapkigen!" wanawake walisema, wakapiga vigelegele mara tatu, kama ilivyo desturi kwa wa kike.

Mpanda ngazi hushuka. Simotwet ulijitoa katikati ya mikaratusi, ukakusanya matawi yake mtu asije akaumia, ukateremka ukitanguliza mizizi. Ulipita juu ya mashamba ya chai bila kuvunja hata ncha moja, na wanawake tisa nyuma yake, wakikimbia na kuimba, viatu mkononi, na Kebaso aliyekuwa ameliacha boila lijiangalie lenyewe. Kadiri ulivyokwenda ndivyo ulivyopata uzito. Kwenye daraja mizizi ilikuwa ya kahawia. Kwenye kona ya kanisa majani yalikuwa ya kijani. Ulipofika ulikaa juu ya kisiki chake, ukajisogeza kidogo kushoto, ukatulia. Nyuki walifika baada ya robo saa.

Chemchemi ilikohoa tope. Kisha ikatoa maji, kwanza machafu, kisha maji yenyewe, baridi, mengi, yakijaza shimo na kumwagika kwenye njia. Saa nane kamili mvua ilikuja, ikaona pengo ambalo mti ulikuwa umeliacha angani, ikapitia hapo na kunyesha kilimani. Johana alisimama ndani yake akilia na kucheka, na hakuna aliyemsema. Chepngeno alichota kibuyu cha kwanza, akakimwaga chote kwenye mizizi. Furaha ilimjaa hadi akaketi chini kwenye maji.

Mwezi wa Machi wote ulikuwa mwezi wa kuita. Watu walikuja kutoka Sotik na hata Bomet na barua zao, na meneja akawapigia muhuri. Kebaso aliita mparachichi wa bibi yake, uliouzwa na mjomba wake kwa kiwanda kile kile. Ulipiga chafya kwa jina la bibi huyo, Nyakerario, na kuondoka kuelekea Nyamira, ukifuata barabara kama mtu mstaarabu. Chafya zilikuwa nyingi hata kiwanda kikaacha kuweka vioo, kikaweka plastiki. Kufikia Pasaka miti mia mbili na minne ilikuwa imeshuka. Mikaratusi ya mashamba makubwa peke yake ndiyo iliyobaki juu ya kiwanda. Ilikuwa imepandwa kwa namba, na namba haipigi chafya.

Hakuna ng'ombe aliyeuzwa.

Jumatatu ya Pasaka meneja alibandika tangazo langoni. Kwa kuwa imethibitishwa kwamba kuni hurudi, tangazo lilisema, kiwanda kitaendelea kununua miti yote, ikiwemo iliyowahi kuchomwa. Jumanne lori la kuni lilipita. Wengine waliuza, maana mti ukiondoka utaitwa. Dereva alisimama pia kwa Johana na kuuliza kama kuna mti.

"Kuna," Johana alisema. "Ni bibi yangu."

Dereva alisema sawa, akaenda nyumba inayofuata.

Ilibaki miti ya barabarani. Chepngeno, ambaye sasa alikuwa na jina kubwa, aliombwa aiite. Alisimama ukingoni mwa lami kwa siku tatu. Aliwaita wafu wa ukoo wake, wafu wa Jerusa, wafu wa Kebaso hadi yule wa kwanza aliyekuja na ng'ombe mmoja, na hakuna eksozi iliyopiga chafya. Kebaso alimletea chai kwenye chupa.

"Usijilaumu, Mama Johana. Dizeli inachimbwa chini sana. Hiyo miti ilikufa kabla watu waanze. Nani angewapatia majina?"

"Mtu hawezi kukosa jina."

"Hao si watu. Walikuwa wamelala, sisi tukawaamsha."

Chepngeno alikunywa chai, akakunja mwavuli, akarudi kwake kuchuma.

Siku hizi huchuma hadi saa saba, hupeleka majani kituoni, kisha huenda kukaa chini ya simotwet akiwa na kibuyu chake. Maji yanatoka. Mvua inakuja kwa wakati, ingawa pengo inalopitia ni jembamba kuliko lilivyokuwa. Lori la majani hupanda mlima likinguruma, na ndani yake kuna majani ya Chepngeno, aliyoyachuma mwenyewe. Nyuma ya lori hilo mti mmoja wa magamba huchipuka hewani, hujikunjua, na kusimama na wenzake.

Chepngeno huutazama vizuri kwa macho yake mawili. Kisha humwaga maji kidogo kwa Tapkigen, na kujaribu jina jingine.