Bach wa Jumanne na Bach wa Alhamisi

Haya, wajukuu zangu, nawategea: nina mgeni hapigi hodi, hatafuti mlango, ukuta anaupita mzimamzima, na akishaingia huwezi kumtoa. Nani huyo? Mmeshindwa? Nipeni mji. Songea msinipe, nilizaliwa huko na baridi yake naijua. Nipeni Pugu, nikapunge upepo. Mgeni wangu ni sauti ya kinanda.

Kanisa letu hapa Temeke limepakana na ua wa Mwajabu, muuza bagia. Yeye ni Mwislamu, mwenyeji wa hapahapa, na hajawahi kuingia kanisani kwetu. Lakini tukifanya mazoezi jioni, kila nota inamwangukia karaini.

Mwaka huu kigango kinatimiza miaka hamsini. Tukataka misa ya siku hiyo itanguliwe na kipande cha Bach, yule Mjerumani wa zamani ambaye masista walitufundisha kumpenda tukiwa wasichana. Wapiga kinanda tunao wawili. Gaudens, fundi seremala, siku yake ni Jumanne. Anakipiga polepole, na katikati ananyamaza kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Anna, muuguzi, ni wa Alhamisi. Vidole vyake vinakimbia kama mvua juu ya bati, wala hakuna nota inayopotea. Mie niko upande wa Anna. Mdogo wangu Clara yuko upande wa Gaudens.

"Huyo Anna wako anawahi basi?" Clara aliniuliza siku moja.

"Na Gaudens wako amelala. Bach mwenyewe angekuja kumwamsha!"

Nilicheka peke yangu. Clara alichukua mkoba wake akahamia benchi la nyuma.

Sasa jueni kwamba miaka thelathini na moja mie na Clara tumeimba kwa karatasi moja ya nota. Macho yake mabovu, kwa hiyo mie namfuatishia mistari kwa kidole. Naye sauti yangu ikianza kushuka ananivuta juu. Tangu ahame, yeye anapotea mistari, na mie nashuka mpaka wanaume wanageuka kunitazama. Wiki tatu hatujasemezana. Kwaya nayo ikapiga kura nani apige siku ya misa, zikatoka kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Nikamvizia mlangoni mwa kanisa.

"Clara, tukamuulize Mwajabu. Wote amewasikia, na hana upande. Atakayeshindwa ahamie benchi la mwenzake."

Aliniangalia, mdomo ukamcheza. "Sawa. Ila usimhonge."

Tulimkuta Mwajabu uani anachambua kunde.

"Karibuni watu wa Songea! Leo mmekuja wawili? Nilisikia mmenuniana."

"Achana na hayo, shoga," nikasema. "Hawa wapiga kinanda wetu, wa Jumanne na wa Alhamisi, nani anapiga vizuri?"

"Mie najua nini? Mie mtu wa taarabu."

"Masikio si unayo?" Clara akamkata.

Mwajabu akatupa kijiwe alichokiokota kwenye kunde. "Bernadeta, we si unanunuaga bagia zangu? Zina kasoro gani?"

"Nikwambie kweli?" nikamjibu. "Za Alhamisi tamu, zimeiva sawasawa. Za Jumanne zinaungua. Nilidhani ni mkaa."

"Mkaa uleule. Wa Alhamisi ananiendesha mkono. Anapiga, nageuza, anapiga, nageuza. Nikija kushtuka beseni limejaa. Mungu ambariki binti wa watu."

Nikaanza kutabasamu. Clara alikuwa anatazama kanga yake.

"Na wa Jumanne?" akauliza.

Mwajabu akaweka ungo chini.

"Huyo akinyamaza pale katikati, na kijiko changu kinabaki hewani. Nasubiri arudi. Akirudi, karai zima limeshaungua, na sijawahi kumkasirikia hata siku moja."