Kofia ya Manjano Iliyofumuliwa

Kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, wanawake walipokuwa wakikutana kufuma kofia za watoto wachanga, alikuwapo mmoja waliyempachika jina la Mama Fumua. Usoni hawakumwita hivyo, thubutu. Lakini jina alilijua, na kwa siri lilimpendeza. Kofia haikutoka mle kwenda wodini mpaka ipite mikononi mwake. Aliivuta, akaigeuza ndani nje, akaiinua dirishani kwenye mwanga, na akikuta kitanzi kimoja kimeruka, hakuna cha shoga wala jirani: alivuta uzi, kofia ikaisha yote, ukarudishiwa donge lako. "Mtoto hajakosa kitu," alikuwa akisema, "kwa nini umvishe makosa yako?" Na wewe mwenye kofia umeze mate, uanze upya.

Tusimnyime haki yake, mkono ulikuwa mkono kweli. Ila ulikuwa na kiherehere. Nyumbani alifua upya nguo zilizokwisha kufuliwa, akapanga upya sahani zilizopangwa. Mwanawe, fundi wa majokofu, alizoea tangu utotoni na akawa anacheka tu. Mkamwana naye alinyamaza. Alikuwa binti mpole, mimba ya kwanza, tumbo limeshamtangulia mlangoni, na muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amemzika mama yake mzazi. Tangu mazishi yale maneno yake yalipungua, akawa anakaa na kikombe cha chai mpaka kinapoa.

Mama Fumua alimwonea huruma sana, tatizo hakujua aipeleke wapi huruma yenyewe. Hakuwa mtu wa kukumbatia watu. Alichojua ni kupika, kufua na kufuma. Na kitu kimoja alikitaka kuliko vyote, ingawa hakukitamka kwa mtu: binti huyu asiye na mama amwite yeye mama, na iwe mama ya moyoni, si ile ya adabu ya ukweni.

Siku moja mkamwana alikwenda kliniki ya wajawazito. Mama Fumua akaingia chumbani kwake kupanga nguo za mtoto. Nani alimtuma? Hakuna. Chini kabisa ya droo, ndani ya kitambaa safi kilichokunjwa vizuri, akakuta kofia ya manjano. Maskini kofia! Upande huu imekaza, upande ule imelegea. Ukingo umepinda, na pembeni kuna tundu la kupita kidole. Akacheka peke yake, kicheko cha mapenzi. Hapohapo akajitungia hadithi nzima: mkamwana amejaribu kufuma kwa kificho, imemshinda, kaona haya kumwomba mama mkwe, akaificha.

"Mtoto huyu jamani," akasema. "Si angeniambia tu?"

Mwenye busara angeirudisha mahali pake. Mwenye busara zaidi angeuliza. Yeye alitafuta ncha ya uzi, akavuta. Ilifumuka kwa shida, vitanzi vilikuwa vimeng'ang'aniana, mahali pengine ikabidi atumie meno. Akaufua uzi, akauanika uwani ukiwa umefungiwa chupa ya maji kwa chini ili unyooke, na ulipokauka akaanza kufuma kwa kujificha, roho yake nyeupe. Ukingo ukanyumbuka, majani madogo ya kufumwa yakazunguka pembeni, utosini ikafungwa usione ilipoishia. Maisha yake yote hakuwahi kufuma kitu kizuri namna ile.

Akaitoa baada ya chakula cha mchana, mwanawe akiwa bado mezani.

"Shika, mwanangu. Nimekusaidia kidogo."

Mkamwana akaipokea kwa mikono miwili. "Nzuri sana, mama. Ahsante." Akaigeuzageuza, kisha akaisogeza karibu na macho. "Uzi huu umeupata wapi?"

"Si wa ile kofia yako ya kwenye droo? Sasa haya ya nini? Sisi sote tulianza hivyohivyo."

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliiweka kofia mezani taratibu.

"Ile haikuwa yangu," akasema. "Aliifuma mama. Vidole vilikuwa vimeanza kukataa. Anafuma kidogo analala, akiamka anafuma tena. Alisema mjukuu wake atatoka nayo hospitali, hata kama yeye hatakuwepo."

Fundi wa majokofu akatazama sahani yake. Wanasema nia njema ni tabibu. Kamwambie yeye, uone atakujibu nini.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mkamwana hakumnunia. Asubuhi alimwamkia, chai alimtilia, mama alimwita. Lakini ikawa ile mama unayompa mwanamke yeyote aliyekutangulia kwenye foleni. Hata alichokuwa ameanza kukipata, sasa kimemponyoka, na aliyekiponyosha ni yeye mwenyewe. Pale chumba cha nyuma shoga yake akampa kofia aikague. Akaipokea, akaitia kapuni bila kuitazama. Wenzake wakakonyezana.

"Unaumwa, shoga?"

"Macho tu," akajibu.

Akaenda kwa mkamwana mchana mmoja, yule kakaa kitandani anakunja nepi. Ile kofia yake ya majani alikuwa ameshaifumua, na haikumuuma hata kidogo. Akakaa chini sakafuni, uzi mapajani, yeye ambaye hakuwahi kumwomba radhi mkwe wala mwana.

"Nisamehe. Najua maji yakimwagika hayazoleki. Lakini wewe uliiona. Niambie ilivyokuwa, nami nifuate. Sitatia langu hata moja."

Mkamwana akaendelea kukunja nepi mpaka Mama Fumua akaanza kujiinua aondoke. Ndipo akasema, "Mwanzoni ilikaza. Alikuwa anavuta sana."

Mama Fumua akavuta sana. Wakaendelea hivyo, mmoja anakumbuka, mwingine anafuma. Hapa ilegee. Hapa ukingo upinde. "Tundu lilikuwa huku, juu ya sikio. Nilikuwa natia kidole humo, mama ananipiga kikofi, tunacheka." Na kwa mara ya kwanza tangu msiba, binti alicheka kidogo, na Mama Fumua akainama kwenye sindano zake ili asionekane machozi.

Lakini mkono uliofundishwa kutokosea hukosea vipi? Kitanzi alichokiruka kwa makusudi kilikaa sawa na wenzake. Ukingo alioupinda ulipinda kwa mpango. Akahamishia sindano mkono wa kushoto, na kweli ikatoka vibaya, ila ubaya wa mtu mwingine kabisa. Akarudi mkono wa kulia, akamaliza, akaitoa.

Mkamwana akatia kidole kwenye tundu. Akakigeuza mle, akakitoa.

"Limekaa vizuri, mama. Mviringo sawasawa."

"Nitafumua nijaribu tena."

"Usifumue," akasema mkamwana kwa upole. "Mama, inatosha. Usifumue tena."

Akaikunja mwenyewe, akaiweka kwenye droo, akaifunga.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yeye alijaliwa vyote viwili kwa mpigo. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na siku ya kuruhusiwa Mama Fumua akaenda na mwanawe kuwachukua. Alibeba mfuko wa nguo aliofungasha mkamwana mwenyewe, na njia nzima hakuthubutu kuufungua atazame kilichomo. Pale mlangoni muuguzi akamchungulia mtoto.

"Upepo wote huu, mtoto kichwa wazi? Kwani hana bibi wa kumfumia kofia?"

"Anaye," akasema mkamwana. "Alimfumia." Akamfunika mtoto utosi kwa kiganja chake, wakatoka.

Mama Fumua alijua anasemwa bibi yupi. Akauweka mfuko sawa begani, akawafuata nyuma, mikono yake haina la kufanya.