Chini ya Nani?

Nilikaribishwa nyumbani kwangu mwenyewe. Nimetoka Malolo kwa mama yangu baada ya matanga ya mume wangu Oswald, mtoto mgongoni, wawili wananifuata, mzigo wa makopa ya muhogo kichwani, nafika mlangoni pangu katika kijiji chetu kipya cha ujamaa karibu na Mikumi, na mwanamke nisiyemjua anainuka penye jiko langu na kuniamkia. Nikaitikia marahaba kwa mazoea tu. Kisha akasema karibu. Nilisimama pale nimepigwa na butwaa. Mafiga yalikuwa yangu. Mlango ule aliupiga randa Oswald kwa mikono yake.

Mwanamke yule aliitwa Nalangu. Mumewe, Saibulu, alitoka ndani na fimbo yake ya kuchungia, akanisalimu kwa heshima zote, akanieleza kwamba ofisi ya kijiji imempa kiwanja hiki na shamba lililo nyuma yake kwa sababu havikuwa na mwenyewe. Yeye hakuchagua. Lori la Operesheni ya kuhamishia watu vijijini liliwachukua upande wa Rudewa, likawashusha hapa, wakaonyeshwa nyumba. Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Alinitazama, akawatazama wanangu, akasemezana na mkewe kwa lugha yao, na nikaona nao wameshtuka vilevile. Hilo ndilo lililonitia hofu. Ningemkuta mwizi, ningejua la kufanya.

Nilikwenda ofisini na mzigo wangu kichwani. Karani wetu, Ulimboka, alikuwa mtu wa Rungwe, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Siku ya mazishi alibeba jeneza la Oswald pamoja na wenzake. Nilimuuliza nyumba yangu imekuwaje. Akainamisha kichwa, akafungua daftari kubwa la kijiji, akanionyesha mahali palipochanwa.

Daftari lile, kila kaya ilikuwa na ukurasa wake mmoja. Juu kabisa jina la mkuu wa kaya, mwanamume. Chini yake mke, watoto, mbuzi, majembe, kiwanja, shamba, vyote vimepangwa humo humo. Mwaka ule wa sabini na nne mvua ilikuwa imetukatalia na tulikuwa tukila unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, wa kugawiwa, na ilisemekana kuna kijiji kimekutwa kikichukua mgao wa marehemu. Amri ikatoka wilayani Kilosa: mkuu wa kaya akifa, ukurasa wake uondolewe mara moja. Ulimboka akauondoa. Na sisi tulikuwa ndani yake.

Nilimuuliza, "Ulimboka, mimi nimekufa?"

"Hapana, mama Regina. Ila huandikwi popote."

Alilisema taratibu, kwa huruma. Hakuwa na ubaya hata chembe, na hapo ndipo damu ilipozidi kunichemka. Mtu mbaya unamgombeza. Huyu alikuwa amekula ubwabwa wa matanga yetu, akanipa pole, akaniaga naondoka na wanangu, kisha akarudi mezani akatufuta kwa mkono safi.

Tena wapi? Kwetu Usagarani! Sisi ukoo huhesabiwa kwa mama. Wanangu ni wa mbari yangu tangu walipozaliwa, Oswald mwenyewe alilijua hilo na hakuwahi kulibishia. Nilikuwa nimepanda lori kuja ujamaani nikiwa mtu mzima mwenye ukoo wake. Sikujua kwamba kwenye karatasi nimening'inizwa kwa mume kama kibuyu ukutani, na kwamba msumari uking'oka naanguka.

Usiku ule tulilala kwa binamu yangu Paulina, mkunga wa zahanati. Nilipomweleza, aliketi kitandani ghafla asiamini. Akasema pale zahanati mama akifiwa, akihama, akiolewa upya, hachanwi. Kila mtu ana kadi yake na namba yake. Mtoto ana kadi yake, na juu yake imeandikwa namba ya mama. Dawa ziko kwenye sanduku jingine, na namba ileile ndiyo inayokuonyesha nani kapewa nini. Ukitoa kadi moja, nyingine zinabaki zimesimama.

Asubuhi alikwenda kumweleza Ulimboka. Karani hakumdharau, lakini alitetea daftari lake: ukurasa mmoja unakupa kaya nzima kwa kutupa jicho, ilhali masanduku yanakuchosha kufungua hili na lile. Paulina akamjibu kwamba ni kweli, daftari ni jepesi, mpaka mtu afe.

Kikao kikaitwa barazani pa ofisi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na dawa tayari. Shemeji yangu Mathayo, mdogo wake Oswald, ukurasa wake una nafasi. Tuandikwe mimi na wanangu chini yake, na shamba liende huko pamoja nasi, na Saibulu atafutiwa kiwanja kingine. Watu wakapumua. Wengine wakaanza kuinuka waende zao, kana kwamba mambo yamekwisha.

"Ni karatasi tu, shemeji," Mathayo akasema. "Shamba tutalima sote. Nimeshalipangia pamba."

Ameshalipangia! Udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, na yeye ameshapanga pamba pale nilipopanga mahindi. Lakini wanangu walikuwa na njaa. Bila kuandikwa hapakuwa na unga, wala nyumba, wala mahali pa kurudi. Nilifungua kinywa nikubali. Nasema kweli, neno lilikuwa ulimini.

Ndipo Nalangu alipomgusa mumewe mkono na kumwambia kitu. Saibulu alimsikiliza, akageuka kutazama mbele. Mkewe akarudia. Mwenyekiti akamtaka atafsiri, na Saibulu akasimama, akatafsiri huku sauti yake ikififia.

"Anauliza, siku nikifa mimi, yeye ataandikwa chini ya nani. Mimi hapa sina ndugu."

Nilimwona Ulimboka akilitazama daftari kama mtu aliyeonyeshwa nyoka ndani ya kikapu alichokuwa amekibeba siku zote. Mke wa mwenyekiti akamgeukia mumewe, naye akamkwepa macho. Kisha wanawake wakaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine, bila kelele, kila mmoja akitaka kuonyeshwa jina lake liko wapi. Liko chini. Liko chini. Mmoja, mke wa pili wa jirani yangu, hakuwamo kabisa, kwa sababu ukurasa ulikuwa umejaa kabla hajaolewa. Alicheka, kisha akaketi chini.

Mwenyekiti hakuwa mpumbavu. Alisema kadi zikatwe, kama zile za zahanati.

Zilikatwa kutoka kwenye makatoni ya duka la ushirika, zikawekwa katika visanduku vitatu: watu, nyumba, mashamba. Saibulu alipewa kiwanja cha jirani, na mpaka alipomaliza kujenga tulilala wote nyumbani kwangu, watoto wake na wangu kwenye jamvi moja. Ila siku ya kuandika sitaisahau. Ulimboka aliniita wa kwanza, akaniandikia kadi yangu, namba yangu, jina langu Hildegarda, bila mtu juu yake. Akaandika za watoto, na kila moja akaitia namba yangu na ya baba yao. Kisha akasita, akauliza kama Oswald aandikwe, maana amri ni kuwatoa marehemu.

Paulina akasema aandikwe. Namba yake iko kwenye kadi za watoto, na ukimtoa, itakuwa inaonyesha shimo. Ulimboka akaandika jina la mume wangu, na chini yake: amefariki. Akamweka sandukuni pamoja na sisi. Nililia pale mbele za watu. Tangu azikwe sikuwa nimelia hivyo.

Ikabaki kadi ya shamba.

"Niandike namba ya nani?" Ulimboka akauliza.

Macho yote yakamwendea Mathayo, naye akasogea mbele, kofia mkononi. Nikataja namba yangu. Ulimboka akachovya kalamu, akaandika.

Mathayo alinitazama kama aliyepigwa kofi. "Shemeji," akasema, "umenifuta mbele za watu."

Kadi yake ilikuwa pale pale sandukuni, na hakuna aliyekuwa ameigusa.