Kidonge cha Saa Mbili

...wa kwanza, amesema wa kwanza kwenye orodha ya kupasuliwa, saa nne, si alasiri, si tutaona mambo yatakavyokwenda, saa nne asubuhi hii hii, na Attracta Gilvarry akasikia joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni kama msichana aliyeombwa dansi, akashika chuma cha kitanda upande wa miguu ya mumewe asije akacheka kwa sauti mbele ya madaktari wote wale, maana leo ni siku ya tano, Jumapili Fintan alijikunja juu ya sahani ya viazi na kabichi akasema ni gesi tu, mama, gesi tu, na uso umemgeuka rangi ya maji ya vyombo, kumbe ni nyongo, imejaa mawe na imevimba, ya kutolewa haraka, Jumapili hiyohiyo walisema haraka, neno hilo aliliandika kwenye kidaftari chake akalipigia mstari... na leo kumekucha kweli, aliamka saa kumi, akavaa koti la buluu alilovaa siku binti yao Dervla alipoolewa, akapaka rangi ya mdomo kwenye basi, akaifuta, akapaka tena, nani anapaka rangi ya mdomo kwenda kumsindikiza mtu kupasuliwa, lakini moyo ulikuwa ukimruka tangu getini kwake, alijua tu, leo wanamchukua, leo inatoka, kesho kutwa yuko nyumbani anagombana na redio... Bwana Devane bado anaongea, haongei na Fintan wala na yeye, anaongea na wale wanafunzi sita waliomzunguka, mpasuaji mkuu mwenyewe, ambaye huku akishapanda juu kabisa haitwi tena daktari, anarudi kuwa Bwana kama mwalimu wa hesabu, na Attracta tangu Jumatatu anajikanya asikosee, Bwana, si Daktari, Bwana... anasema ukuta wa nyongo umekuwa mnene, anasema umri sitini na nane, anasema moyo, ndiyo, wale wa moyo wamekubali, hatimaye wamekubali, watu wa upasuaji husema wale wa moyo kama mtu anayetaja ndugu waliohamia Australia, na kumbe ni ghorofa moja tu chini, ngazi ishirini na mbili, Attracta amezipanda na kuzishuka mpaka magoti yanazijua, Jumatatu Fintan hakula wala kunywa mpaka saa kumi jioni, wakaja kusema wale wa moyo hawajamwona, mpeni chai, Jumanne wale wa moyo wakaja kweli, wakaenda wodi ya Mtakatifu Brendan, wakakuta kitandani mkulima mwingine kabisa mwenye goti bovu, maana Fintan alikuwa ameshasogezwa kitanda cha mwisho humohumo, wakaandika mgonjwa hayupo wakarudi zao, hayupo, mtu wa kilo mia, na Jumatano tena hakula, safari hii wakamwona, barua ya wale wa moyo imeshaandikwa na iko kwenye jalada, ila jalada limebaki kwa Brendan, jioni wakampandisha huku kwa Mtakatifu Jarlath, mgonjwa kapanda lifti na karatasi zake hazikupanda, na kila aliyeulizwa alikuwa mwema, hilo ndilo linalomchosha mtu, wote wema, pole sana Attracta, ngoja niulizie Attracta, na chai, na mkate wa kubanika wenye siagi, kisha zamu inakwisha, anakuja mwema mwingine asiyejua chochote... na Fintan naye, kila anayemuuliza maumivu yakoje anamjibu niko sawa kabisa, usihangaike, huku ameng'ata kona ya shuka, basi nao wanaandika yuko sawa kabisa, wafanyeje... lakini yamepita hayo, yamepita, saa nne, wa kwanza, ataitoa simu sasa hivi ampigie Dervla, huko ng'ambo aliko ni saa ngapi, potelea mbali, ataamka...

na dawa ya kuzuia damu isigande, imesimamishwa lini, hiyo ni sauti ya Bwana Devane, na Daktari Osman, yule kijana mpole ambaye macho yake yanaonekana hayajalala tangu juzi, akajibu tangu Jumapili, Bwana, nimemuuliza mwenyewe saa mbili na nusu, hajameza hata kimoja... hajameza... na furaha ya Attracta ikasimama pale ilipo, haikuondoka, ilisimama tu na kumtazama, maana alijua neno hilo litakuja, amelikwepa tangu saa mbili na nusu kama mtu anayezunguka dimbwi kwa viatu vipya, kwani alikiona, kile chekundu, saa mbili kamili, ndiyo kwanza anavua kitambaa cha kichwa, Sorcha, muuguzi mpya, akaja na toroli la dawa akampa Fintan kikombe cha karatasi na maji funda moja, na chini ya kikombe vidonge viwili vyeupe na kile cha damu, chekundu cha ukahawia, mdogo wake dengu, ambacho Attracta kwa miaka sita anakipanga mwenyewe kila Jumapili baada ya taarifa ya habari kwenye kisanduku cha vyumba saba, angekijua gizani, na Fintan akakimeza, akamnong'oneza, wamenirudishia kile chekundu, basi watakuwa wanajua wanachofanya, na yeye akaitikia kwa kichwa, akaitikia, Mungu amsamehe, kwa sababu alitaka wawe wanajua, lakini mtu hutaka halafu macho yake yanakwenda yenyewe, yakaenda kwenye karatasi ya dawa iliyotundikwa miguuni pa kitanda, mpya, safi, ya jana jioni, na dawa zote nane zimeandikwa kwa mpangilio uleule wa barua ya daktari wa kijijini, hata matone ya macho, mtu aliyeiandika hakuwa na ile karatasi ya zamani yenye mstari mwekundu wa kuifuta dawa ya damu, angekuwa nayo vipi, iko kwa Brendan... halafu Daktari Osman akaja akauliza, akauliza vizuri, kwa utaratibu, mzee, tangu Jumapili umemeza dawa ya damu, na Sorcha yuko palepale kitanda cha pili anamimina maji, mgongo wake umekakamaa kidogo au Attracta ndiye aliyeuona hivyo, na Fintan akamtazama yule binti, kisha akamtazama daktari usoni kama mtu anayeuza ndama mgonjwa, akasema sijameza hata kimoja, daktari, na kijana wa watu alipoondoka akamvuta mkewe mkono wa koti.

"Wewe hukuona kitu," akamwambia. "Yule ni mtoto wa Packie."

...na ni kweli, ni mtoto wa Packie Tarpey, miezi miwili kazini, picha yake ya sare mpya iko jikoni kwao chini ya taa ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kila anayeingia anaonyeshwa, na Packie ndiye aliyechimba kaburi la mama yake Fintan, Januari ile ardhi ilipoganda ikawa chuma, siku mbili na sululu, mikono ikatoka damu, hakukubali hata kuingia ndani kunywa chai mpaka amalize, na mtu aliyekuchimbia kaburi la mama yako huwezi kumwangusha mtoto wake mbele ya watu, hakuna anayekufundisha hilo kule kwao, unazaliwa nalo, Fintan yuko tayari kufunguliwa tumbo huku damu imekuwa maji kuliko binti wa Packie aitwe ofisini, na katika akili yake huo ndio uungwana, amelala pale ametulia kama mtu aliyefanya jambo jema... damu imekuwa maji... Mei iliyopita alikuwa anafungua kopo la chakula cha mbwa, likamkata kidole gumba, kidole gumba tu, taulo ya kwanza ikalowa, ya pili ikalowa, matone kutoka jikoni mpaka getini, mekundu, mekundu, mekundu, na yeye anasema hakuna neno, mama, ni mkwaruzo, mpaka daktari wa kijijini alipokifunga akasema hiyo ndiyo kazi ya kidonge chako, Fintan, usicheze na makopo... kidole gumba, na hawa wanataka kuingia tumboni, na saa ya ukutani inasema saa tatu na dakika kumi... labda kimoja hakina madhara, labda, labda watapima damu kwanza, siku hizi kuna mashine, mashine zinaona kila kitu, bila shaka wana njia zao, bila shaka yuko mtu mahali fulani katika jengo hili anayejua, ndivyo anavyojiambia tangu Jumapili, na ndivyo wanavyojiambia wote, wale wa juu wanasema wa chini wanajua, wale wa moyo wanasema wa upasuaji wanajua, karatasi inasema barua inajua, Sorcha anaiamini karatasi, Osman anamwamini Fintan, Fintan anasema watakuwa wanajua wanachofanya... yuko anayejua, bila shaka yuko, na hapo, amesimama vilevile, mkono kwenye chuma vilevile, Attracta akaona kwamba yuko kweli, na amevaa koti la buluu. Ni yeye. Ghorofa tano za watu waliosoma, na anayejua kitu chote, cha juu na cha chini, cha mstari mwekundu na cha kikombe cha karatasi, ni yeye peke yake, mpishi wa shule aliyestaafu, na akaogopa, akaogopa sana, na ndani ya woga huo ile furaha iliyokuwa imesimama ikaanza kutembea tena, ila haikuwa tena ile ya dansi, hii ilikuwa na meno, maana akisema, hakuna saa nne, ni kesho au kesho kutwa, na Fintan atafunga tena na nyongo inaweza kupasuka, na Sorcha atalia, na Jumapili baada ya misa akina Tarpey watapita pembeni yake bila kumwona, na Fintan, loo, Fintan atanyamaza wiki nzima, anajua kunyamaza yule, alishanyamaza Kwaresima yote kwa ajili ya zulia... na asiposema... asiposema atakuwa amevaa koti hili vizuri sana kwenye korido, atakuwa anamsubiri Bwana Devane atoke, na Bwana Devane atatoka na kofia mkononi akiwa mwema, mwema kuliko wote...

Daktari Osman ameshaweka jalada jipya jembamba juu ya magoti ya Fintan, karatasi ya kukubali kupasuliwa, hapa chini, mzee, jina na tarehe, na Fintan ameshika kalamu, akamkonyeza mkewe, kumkonyeza, mjinga huyu, mjinga wake huyu anayempenda miaka thelathini na minane, na Sorcha yuko kwenye toroli lake hatua nne tu kutoka hapo, anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa, haangalii, hajui, au anajua, au ndiyo kwanza anajua sasa, maana mikono yake imesimama, na Bwana Devane akageuza kiatu kimoja kuelekea kitanda cha pili kama afanyavyo, mwili bado uko hapa na kiatu kimeshaondoka, akauliza kama kuna swali lolote, na jibu lake linajulikana, kila mtu wodini analijua, hakuna, Bwana, asanteni, mmetutendea wema mno, Attracta amelisema tangu Jumapili kwa kila koti jeupe lililopita, hata kwa mtu wa kufagia, liko tayari kwenye ulimi, linateleza lenyewe, na akaona kwamba hatalisema, akaliona hilo kwa furaha ya ajabu kabisa, kama mtu aliyeachia breki, eti ilikuwa rahisi hivi, eti siku zote hizi alikuwa akiuita woga wake heshima, na kiatu bado kiko vilevile, kalamu bado iko juu ya karatasi, herufi ya kwanza ya jina ndiyo inaanza.

"Mume wangu anawadanganya, Bwana Devane," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, sauti ya kuita watoto mia mbili kwenye supu. "Amekimeza saa mbili, kile chekundu, mbele ya macho yangu. Na huyu binti hana kosa, alifuata karatasi, karatasi ndiyo yenye kosa, nitakuonyesha ilipo ya kweli, nimeshuka ngazi zile mara thelathini." Fintan alisema Attracta, jina zima, polepole, kama anavyolisema mazikoni, na yeye hakumtazama, alinyoosha tu mkono juu ya blanketi, kiganja wazi.

"Lete kalamu, Fintan."