Ripoti za Mzee Ndambuki

Jumatatu ya pili ya Aprili 1984, kadi ya kijiji cha Kwa Muindi haikufika. Kanyiva, ambaye kazi yake ofisini ilikuwa kupaka rangi ramani ya ukame, alizipanga kadi nyingine zote mezani, halafu akakaa akiitazama nafasi iliyobaki. Kwa miaka kumi na miwili kadi hiyo iliandikwa na baba yake, Mzee Ndambuki: mvua ya mwezi, hali ya visima, afya ya ng'ombe. Walikuwa wamemzika Ijumaa.

Kanuni ya ofisi ilijulikana: kadi isipokuja, rangi ya mwezi uliopita hubaki. Basi Kwa Muindi ikabaki kijani, na lori la unga wa msaada lilikwenda palipopakwa nyekundu tu.

Jumamosi, saa kumi alasiri, Mzee Ndambuki alibisha hodi nyumbani kwa Kanyiva mjini, mtaa wa Jericho. Alikung'uta udongo mlangoni, akaomba maji, akamaliza ndoo nzima.

"Andika, mama," alimwambia bintiye. "Mvua, hakuna. Mizizi ya mgunga imenifikia kifuani ikitafuta maji."

"Inakuumiza, Baba?"

"Inanitekenya tu. Kinachoniuma ni kwamba sina cha kuipa. Na mama yako ameanza kuchemsha mbegu za kupanda."

Kanyiva aliandika. Mzee akatia sahihi, kisha akamfunga bintiye kifungo cha juu cha sweta, akaenda zake.

Jumatatu, mkubwa wake, Bwana Ochola, aliisoma kadi mara mbili.

"Mchapa kazi kweli huyu mzee. Hawa wangu walio hai huniletea kadi zenye mafuta ya mandazi." Akamrudishia. "Lakini jina lake tumeshalifuta. Mpaka tumteue mwingine, hii ni kama haikufika."

"Mtamteua lini?"

"Tunaanza na sehemu nyekundu, dada. Kwenu ni kijani."

Kanyiva alirudi mezani, akachovya brashi.

Mzee huja kila Jumamosi. Kanyiva humtoa udongo masikioni kwa ncha ya leso, huku akiandika anayoambiwa. Mizizi imeshafika shingoni.

Kila Alhamisi lori la unga hupita Kwa Muindi likielekea mbele. Mama yake Kanyiva, Nthoki, akisikia mngurumo husogea kando ya barabara, akapunga mkono. Dereva amemzoea, humpigia honi.