Mkalimani wa Mama Parfait

Cherotich alikuwa amepiga magoti kando ya beseni la kuogea la mteja wake huko DeSoto, Texas, akimsugua mzee mgongo, simu ilipoanza kutetemeka mfukoni. Hii haikuwa zamu yake. Msaidizi aliyepangiwa asubuhi ile aliharibikiwa na gari, na tangu Cherotich afungue kampuni yake ndogo ya kutunza wazee majumbani, yeye ndiye bosi, ndiye karani, na ndiye kila mfanyakazi aliyeshindwa kufika.

Alijifuta mkono mmoja akapokea.

"Dada, samahani nakusumbua," alisema Fortunée. "Ile ofisi ya kazi ya jimbo inanipigia leo saa nane. Mkalimani wa Kiswahili hawana. Wamesema nitafute mtu wangu. Sasa mimi nani mwingine ninaye hapa anayejua Kizungu kama wewe?"

"Wanataka nini?"

"Si ile msaada ya watu waliokosa kazi. Nimeomba, wamekataa. Eti hawaoni kama nilifanya kazi. Miaka miwili yote! Kompyuta yao imekosea, dada. Uje uwaambie."

Mzee alinung'unika kwamba maji yanapoa. Cherotich alimvutia taulo mabegani.

"Nitakuja, Mama Parfait," alisema.

Alijua vizuri kwamba kompyuta haikukosea. Huko Texas mwajiri hulipa jimbo kodi ndogo kwa kila mtu aliyemwandika, anailipa kutoka mfukoni mwake kila robo mwaka, ili mtu huyo akipoteza kazi asianguke chini kama mzigo. Nyaga, mhasibu anayesali naye kanisa moja, alimweleza mapema kabisa, wakati Fortunée ndiye mfanyakazi wake wa pekee.

"Huyu mama unampangia masaa, unampangia nyumba ya kwenda, hata gloves unamnunulia," Nyaga alisema. "Huyo si kontrakta wa kujitegemea. Ni employee wako. Jisajili na jimbo. Hata si pesa mob, ni kidogo tu."

"Wacha insurance walipe kwanza. Nitaifanya end month."

Mwisho wa mwezi ukapita. Bima iliyolipia wazee wake ilichelewesha malipo, na yalipofika yalikuwa yamekwisha kuliwa na petroli, na leseni, na mishahara ambayo hakuthubutu kuichelewesha. Halafu akasikia wenzake kwenye biashara ile wanawaandika watu wao wote kama vibarua wa kujitegemea, na hakuna aliyewagusa. Akafanya hivyo hivyo. Baadaye kilichomzuia hakikuwa ufukara tena, kilikuwa hofu: kujisajili akiwa amechelewa ni kukiri miezi yote iliyopita, na faini juu yake. Basi akanyamaza. Mwaka ule ule alibadilisha matairi manne ya gari lake, na bei yake ilizidi kodi aliyopaswa kumlipia Fortunée kwa jimbo mwaka mzima.

Mchana alishika barabara kuu kuelekea Fort Worth. Njia nzima sentensi moja ilimzunguka kichwani, fupi, safi: *Alikuwa kontrakta.* Akiisema tu, faili litafungwa. Fortunée hatajua kamwe. Ataendelea kuilaumu kompyuta.

Fortunée alimfungulia mlango kabla hajabisha. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, na chini ya blauzi yake ulionekana mkanda mpana wa kushikilia mgongo. Mgongo huo aliuharibu akimnyanyua bibi wa Kimarekani aliyemtunza kwa kampuni ya Cherotich, kitandani hadi kitini, kitini hadi chooni, mpaka bibi alipofariki kabla ya kiangazi kuanza. Siku ile Fortunée ndiye aliyemfumba macho na kumchana nywele ili watoto wake wasimkute ovyo. Familia iliwasifu mbele ya kila mtu, na kwa sifa hizo Cherotich alipata wateja wawili wapya. Lakini hao walikuwa watu wazito. Mgongo wa Fortunée haukuwaweza, na zamu nyingine hazikuwepo.

"Kaa, dada, kunywa chai kwanza," alisema, akimsogezea sahani ya maandazi. "Umeacha kazi zako sababu yangu. Mungu akubariki."

"Usiseme hivyo, Mama Parfait."

"Kwa nini nisiseme?"

Simu ililia. Fortunée aliilaza mezani, akabonyeza spika.

Afisa alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole na uchovu. Aliuliza ni nani anayetafsiri. "Rafiki yake," Cherotich alijibu kwa Kiingereza. Akauliza mwombaji alifanya kazi gani, akauliza nani alimpangia saa, nani alimpa vifaa. Fortunée alijibu yote kwa furaha ya mtu anayesikilizwa hatimaye, na Cherotich akayapitisha majibu yale kinywani mwake moja moja, yakimkwaruza kama mchanga.

"Sasa muulize," alisema afisa, "mwajiri wake alikuwa nani?"

Cherotich alitafsiri swali.

Fortunée alicheka. "Mwambie ni wewe! Mwambie uko hapa hapa, umekuja mwenyewe kunishuhudia."

Afisa aliuliza kama bado wapo kwenye laini. Ile sentensi fupi ilikuwa tayari ulimini. Fortunée alikuwa akimtazama huku akiitikia kwa kichwa kumtia moyo, jinsi mtu anavyomtia moyo mtoto anayesoma mbele ya kanisa.

"Ni mimi," Cherotich alisema kwa Kiingereza. "Mwajiri ni mimi. Alikuwa mfanyakazi wangu. Sikumsajili."

Afisa hakugomba. Alisema, kwa upole ule ule, kwamba mwajiri haruhusiwi kumtafsiria mwombaji, kwa hiyo mahojiano haya hayahesabiki. Mkalimani atapatikana baada ya wiki tatu. Baada ya hapo mpelelezi atafungua uchunguzi wa mishahara, na mpaka uishe hakuna kitakacholipwa. Akawatakia siku njema. Laini ikakatika.

"Amesema nini?" Fortunée aliuliza.

Sasa hakukuwa na wa kumtafsiria Cherotich. Alimweleza yote, ya afisa na ya kwake, macho yakiwa kwenye kikombe.

"Kumbe kompyuta haikukosea," alisema Fortunée mwishowe.

"Haikukosea."

"Na ulijua. Siku ile tunamzika bibi, ulijua?"

"Nilijua."

Cherotich alifungua mkoba. "Mama Parfait, nitakulipia nyumba mwezi huu. Na unaofuata."

"Weka hela yako." Sauti yake haikupanda. "Wewe ukinipa, ni sadaka. Nikimwambia jirani, atasema nina bosi mzuri. Mimi nataka jina langu lionekane kule kwao. Liandike sasa hivi, nakuona."

Cherotich alitoa simu, akaingia kwenye tovuti ya jimbo. Ilimuuliza jina la kampuni, namba yake, anwani. Kisha ikamuuliza siku aliyolipa mshahara wa kwanza. Kidole kilisita. Kadiri tarehe ilivyorudi nyuma ndivyo faini ingekua, na faini hiyo ingeweza kuwakosesha mishahara wafanyakazi wake wengine watano.

"Nilianza wiki ile baada ya Pasaka, mwaka juzi," alisema Fortunée. "Ukanilipa Ijumaa."

Aliandika Ijumaa ile.

Fortunée alisimama, akavuta kamba za mkanda wake mpaka ukambana, akachukua koti. Kuna hoteli karibu na uwanja wa ndege, alisema, inatafuta watu wa kutandika vitanda, na Parfait amekwenda kazini na gari.

"Na huo mgongo?"

"Wiki tatu mgongo utakula nini?"

Cherotich alitangulia hadi kwenye gari, akaondoa faili zake kwenye kiti cha mbele, akaacha mlango wazi. Miaka miwili walikuwa wakikaa mbele pamoja wakipiga soga njia nzima. Fortunée aliufunga mlango ule taratibu, akafungua wa nyuma, akaketi, akajifunga mkanda.

"Twende, bosi," alisema.