Mwiko Ukibadili Sauti

Binti yangu alipiga simu akasema Jumapili anakuja kuniona. Hilo neno mimi nalijua. Mtoto wako akisema anakuja kukuona, ujue anakuja kukukagua. Tangu mama yake afariki, yeye na mumewe wananong'ona juu yangu kama kabati la zamani ambalo halijulikani liwekwe wapi. Kwao kuna chumba, nyuma ya nyumba, kina kitanda na dirisha, na wanataka nihamie humo. Binti alinipasulia wazi: "Baba, nikikuta umekonda, au nikikuta vyombo vichafu vimelala, hatutabishana. Mizigo yako nitaifunga mwenyewe."

Mimi si wa kufungiwa mizigo. Nimepaka rangi nyumba za watu maisha yangu yote, na hii ya kwangu nimeipaka kila chumba kwa mkono wangu, tena mara nyingi kuliko ilivyohitaji, maana marehemu alikuwa mtu wa kubadili mawazo. Jiko peke yake limeshakuwa la kijani, la manjano na la rangi ya maziwa. Leo nikakae kwa mkwe, nile ninachopewa, nizime taa nikiambiwa? Ng'o.

Basi nikapiga moyo konde. Nikasema huyu nitamwokea keki ya mama yake, ile yenye sukari inayong'aa juu. Akiionja tu, atajua humu ndani yumo mtu anayejiweza, na habari ya chumba itakufa hapo hapo.

Keki yenyewe haikunishinda. Miguu ya marehemu ilipoanza kumsumbua, alikuwa anakaa kwenye stuli karibu na meza ananiamrisha: koroga, acha, taratibu, hiyo si saruji. Kwa hiyo keki naijua. Ila sukari ya juu hakunifundisha. Zamu yake ikifika alikuwa anajiinua mwenyewe, anashika ukingo wa meza, ananiambia, "Wewe toka, kidole chako nakijua." Nami natoka, nakaa sebuleni, nangoja.

Jumamosi asubuhi nikaenda dukani. Mwenye duka tunamwita Haikosekani, kwa sababu kila ukimuuliza bidhaa hilo ndilo jibu lake, na kila siku bidhaa inakosekana.

"Una ile sukari ya unga, ya kupambia keki?"

"Haikosekani, mzee."

Akapanda ngazi, akashusha katoni, akapuliza vumbi, akaniwekea kopo mbele yangu. Nikamwambia hiyo ni poda ya mtoto mchanga. Akaisoma tena, akacheka peke yake, kisha akanipimia sukari ya kawaida, ya chai. "Ni ile ile, mzee. Tofauti ni ukubwa wa punje tu." Na mimi, mtu mzima hovyo, nikamwamini.

Nyumbani nikaoka keki, nikaiacha ipoe. Hapo sikuhitaji kufundishwa: ukuta wenye joto na unyevu haushiki rangi, na keki nayo vivyo hivyo. Nikatia sukari kwenye bakuli na maziwa baridi, nikakoroga mpaka bega likalalamika. Punje zikabaki punje. Nikaona ni nzito, nikafanya kama ninavyofanya rangi ikiwa nzito, nikaongeza maziwa. Nikaimimina kwenye kipande nilichokata cha kujaribia. Yote ikateremka ikajaa kwenye sahani, juu ya keki zikabaki chembe tupu. Nilipouma, meno yalilia kama nimekula mchanga wa ujenzi.

Sikukata tamaa. Nikatoa kinu kidogo cha viungo, nikatwanga sukari. Nikatwanga, nikachekecha, nikatwanga tena. Nilipoichanganya na maziwa ilitoka uji mweupe wenye harufu ya bizari. Nikaumwaga kwenye sinki.

"Imeharibika," nikasema kwa sauti, na friji ikaendelea kunguruma. Ubaya wa kukosea peke yako ni kwamba hakuna wa kukucheka. Marehemu angenicheka mpaka ashike mbavu, nami ningenuna, kisha tungekula ile iliyoharibika. Tangu aondoke sijanuna hata mara moja. Utamnunia nani? Siku nyingine jioni inafika ndipo nakumbuka sijafungua mdomo kuzungumza tangu niamke. Mtu akiniuliza hali nasema salama, na hilo ni jibu tu, kila mtu analo.

Nikaenda kukaa sebuleni, kwenye kiti kile kile nilichokuwa nafukuziwa. Nilikaa tu, sikuwa na shauri. Na hapo, bila kujaribu, nikaanza kukumbuka nilivyokuwa nasikia kutoka jikoni. Kuona sikuona kitu, lakini masikio yangu yalikuwa humo miaka yote.

Kwanza ilikuwa njiti ya kiberiti. Kumbe sukari iliwekwa motoni, haikukorogwa baridi. Halafu mwiko ulikuwa unakwaruza chini ya sufuria, krr, krr, na mkwaruzo ule ulikuwa unapungua polepole mpaka unakwisha. Kisha mchemko mdogo, si wa muda mrefu, maana hata kurasa mbili za gazeti nilikuwa simalizi. Kisha sufuria inawekwa juu ya meza, na hapo ndipo alipoanza kuipiga kwa mwiko. Mwanzoni sauti ilikuwa ya majimaji, chwa, chwa. Baadaye ilikuwa inabadilika, inakuwa nzito, tup, tup. Na baada ya hapo husikii tena mwiko, unasikia, "Haya, njoo ulambe."

Nikarudi jikoni. Nikaweka sukari kwenye sufuria, maziwa kidogo na kipande cha siagi, moto mdogo. Nikakoroga nikisikiliza. Mkwaruzo ulipokwisha nikaacha ichemke kidogo, nikaipua, nikaiweka mezani, nikaanza kuipiga. Ilikuwa nyepesi, ya manjano kwa mbali, nikadhani nimeliwa tena. Nikaendelea. Bega liliuma, nikabadilisha mkono. Ikaanza kufifia na kuwa nyeupe, na mwiko ukabadili sauti. Hapo sikungoja. Nikaimimina katikati ya keki ikiwa bado vuguvugu, ikajitandaza yenyewe, ikashuka pembeni, ikatulia. Muda si muda ilikuwa imeganda, laini, inang'aa kuliko ukuta wowote niliowahi kuupaka.

Nikasimama na mwiko mkononi nikingoja kuitwa. Hakuna aliyeniita. Nikalamba. Ilikuwa yenyewe hasa, na nililia, tena si kidogo.

Jumapili binti akaja. Akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja jikoni, akafungua makabati, akapitisha kidole juu ya jiko la gesi akakitazama. Mimi nikajitia hamnazo. Nikamkatia keki, nikaisukuma mbele yake. Akauma, akaacha kutafuna.

"Hii ni ya Mama."

"Ni ya kwangu."

"Sukari ya unga umepata wapi?"

"Sijapata. Nimechemsha ya chai."

Akacheka, akajikatia kipande cha pili. Akakunja miguu juu ya kiti kama alipokuwa mdogo, akanihadithia bosi wake anayesinzia kwenye vikao, na mwanawe aliyejinyoa nyusi ili awahi kukua. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nyumba ilikuwa na sauti ya mtu. Nikatazama mkono wake ukiokota makombo mezani, nikajua kwamba kubisha kwangu kote kulikuwa maneno matupu. Akinitajia tena kile chumba, nikasema moyoni, nitabisha mara moja kulinda heshima, kisha nitakubali. Hata shati la kuvaa safarini nilikuwa nimeshalichagua.

Akafuta mikono. "Baba, nisamehe. Nimekusumbua bure. Nilikuwa silali, nikikufikiria humu peke yako, nikijua huli. Kumbe unajiweza kuliko mimi."

"Si nilikwambia?" Mdomo huu una haraka.

"Kuna mwenzake mume wangu kazini anatafuta pa kupanga. Tulimwambia asubiri mpaka nikuone. Sasa nimwambie ahamie kwenye kile chumba?"

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umelegea, umetulia, sijauona hivyo tangu tumzike mama yake. Neno lilikuwa moja tu, na lilinifika mpaka kwenye meno. Lakini ningelisema, ule uso ungekunjamana tena, na ningekuwa mimi niliyeukunja.

"Mwambie ahamie," nikasema. "Nyumba nzuri hivi nimwachie nani?"

Akanikumbatia kwa nguvu. Nikamfungia keki iliyobaki awapelekee wajukuu, yote, akasema nimebaki bila kitu, nikamwambia nitaoka nyingine. Mlangoni, akivaa viatu kwa mkono mmoja, akampigia simu mumewe. Nilisimama nyuma yake nimeshika mkoba wake.

"Mpe tu chumba," alisema. "Baba hakihitaji."